MTOTO ACHORAYE HAPOTEZI WAKATI

Na Mwandishi Wetu, Jinja

Ndugu msomaji, yamkini nawe umepata kumwona mtoto wako akichora kwa mkaa juu ya ukuta uliotoka kupakwa chokaa, na yamkini jambo la kwanza ulilofanya ni kutafuta fimbo. Simlaumu mzazi wa namna hiyo. Chokaa ni fedha, na ukuta mchafu ni aibu mbele ya wageni. Lakini leo napenda tuzungumze juu ya mtoto huyo wa mkaa, na juu ya njia ndefu inayoweza kumtoa kwenye ukuta wa jikoni hadi kwenye mlango wa chuo, akasomee kazi iitwayo usanifu wa michoro.

Kazi hiyo wengi wetu twaiona kila siku bila kuijua jina lake. Karatasi iliyozunguka mche wa sabuni, kibao cha zahanati, jalada la kitabu cha shule, kanga yenye pindo zake na maneno yake, tangazo la siku ya kupiga kura: katika kila kimoja yupo mtu aliyekaa chini akaamua herufi ziwe na ukubwa gani, picha ikae wapi, na rangi ipi iwe jirani ya ipi. Mchoraji wa kawaida aweza kuchora apendavyo, na mtazamaji akaelewa apendavyo. Msanifu wa michoro hana uhuru huo. Kazi yake haijakamilika mpaka mtu asiyemjua, aliye na haraka zake, aitazame na kuelewa lile lililokusudiwa.

Jambo hili sikulipata vitabuni. Nililiona nyumbani kwa dada yangu, na kabla ya kuliona nilikosea sana.

UKUTA WA WALUKUBA

Dada yangu na mumewe wanakaa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi hapa Jinja, ambamo watu wa makabila mengi wameishi pamoja tangu zama za kujengwa kwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Shemeji ni seremala. Binti yao wa kwanza alipokuwa na umri wa miaka saba, alichora ukutani safari nzima ya mama yake kwenda sokoni: mama akitoka na kikapu kitupu, mama akibishana na muuza samaki, mama akirudi na kikapu kimejaa huku mvua inanyesha. Shemeji alikuwa amenunua chokaa juma lile lile.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na cheti changu kingali kipya. Nilimwomba shemeji asimchape mtoto. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, ukuta huu utaupaka wewe?" Ndivyo aniitavyo hata leo, ingawa nilikwisha kuhamia ofisi ya serikali.

Nikaupaka mimi. Kisha nikamwomba kipande cha mbao nyembamba katika karakana yake, tukakipaka rangi nyeusi, tukakitundika nyuma ya nyumba. Tukamwambia mtoto: huu ndio ukuta wako. Chaki nilikuwa nazo, na mkaa ulikuwa jikoni. Gharama yote haikufika bei ya kilo moja ya sukari.

Kitu kimoja tulichofundishwa chuoni nilikishika barabara: usimpe mtoto picha ya mwingine ainakili. Mpe kisa, aone kwa macho ya moyo wake, kisha achore alichokiona. Njia hiyo ina historia hapa Uganda. Margaret Trowell, mwalimu kutoka Uingereza, alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wake jambo kwa maneno, nao wakalichora kutokana na maisha ya kwao, wala hakuwataka waige picha za Ulaya. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Shule aliyoianzisha inaitwa kwa jina lake mpaka leo, nayo imo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Miongoni mwa waliopita hapo ni Sam Ntiro, mwana wa Machame chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Asemaye kwamba mchoraji hafiki mbali na amkumbuke huyo.

FUNDI WA VIBAO

Mpwa wangu alipoingia shule ya sekondari, alianza kupitisha likizo zake kwa fundi mmoja mzee anayeandika vibao vya maduka kando ya barabara. Kwanza kazi yake ilikuwa kuosha brashi. Baadaye akaruhusiwa kuchanganya rangi, na hatimaye kupiga mistari ya penseli.

Siku moja mzee alimpa kibao kidogo cha hoteli aandike maneno matatu tu: CHAKULA KIPO TAYARI. Akaanza kwa herufi kubwa za kupendeza. Alipofika neno la tatu, nafasi ilikuwa imekwisha. TAYA likakaa vizuri, na RI likabanwa pembeni kama abiria wawili waliochelewa basi. Mzee hakumkemea. Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta kibao chote, akamwambia, "Hesabu herufi zako kwanza. Tafuta ya katikati. Anzia hapo."

Kwa mzee huyo alijifunza mambo ambayo mimi, niliyesimama mbele ya ubao miaka mingapi, sikuyajua. Alijifunza kwamba herufi hazilingani upana: M hutaka nafasi kubwa, I hutaka ndogo, na ukizipa nafasi sawa kwa rula, neno huonekana lina mapengo. Nafasi baina ya herufi hupimwa kwa jicho. Alijifunza kwamba O ikichorwa ilingane kabisa na H kwa kimo, huonekana fupi kuliko H. Basi yafaa izidi mstari kidogo, juu na chini, ili jicho lione zimelingana. Alijifunza pia kwamba rangi nyeusi juu ya manjano husomeka toka mbali, ilhali nyekundu juu ya kijani humchosha msomaji, na wako watu ambao macho yao hayawezi kuzitofautisha rangi hizo mbili.

Nimeyaeleza haya kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba sanaa ni kipaji tu, aliyenacho anacho na asiyenacho hana. Kipaji ni mbegu. Kinachobaki ni jembe, na jembe lina mpini wa kushika na namna ya kulishika.

USHAURI MBAYA WA MJOMBA

Alipokaribia mtihani wa kidato cha nne, ugomvi ulizuka nyumbani. Msichana alitaka kuendelea na somo la sanaa katika kidato cha tano. Baba yake alitaka asome uhasibu au uuguzi. "Rangi hazilipi ada," alisema shemeji. "Yule mzee wa vibao ana miaka sitini, na bado anadai fedha za kibao cha mwaka jana."

Hofu hiyo haikuwa ya ujinga. Ilikuwa hofu ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake na ajuaye jinsi mteja anavyosema, "Pitia kesho." Nilipoulizwa mimi, msomi wa ukoo, niliunga mkono upande wa baba. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kuchora ni jambo jema la jioni, baada ya kazi. Hakunijibu. Alisema tu, "Nimesikia, mjomba," akaondoka. Siku nyingi zikapita asinionyeshe daftari lake.

Leo naona haya kuyaandika hayo. Mimi ndiye niliyempa ubao mweusi, na mimi ndiye niliyetaka kuuondoa.

BANGO LA ZAHANATI

Katika likizo ndefu ya kungoja matokeo, sista mmoja wa kituo cha afya alimwomba mpwa wangu amchoree bango la kuwafundisha akina mama namna ya kutengeneza maji ya chumvichumvi kwa mtoto anayeharisha. Wengi mnazijua paketi hizo. Zile zilizokuwa zikitolewa hapo zilikuwa za lita moja: paketi nzima humiminwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtoto hunyweshwa kidogo kidogo, na yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Maji yakiwa pungufu, chumvi huzidi, na badala ya kumwokoa mtoto humdhuru.

Alichora bango zuri sana. Kulikuwa na mama aliyevaa gomesi, jagi la maji ya samawati, paketi mkononi, na nyuma yake mto wenye miti kando kando. Kila aliyeliona alilisifu. Nami nililisifu, bila kuuliza lilikuwa linasema nini.

Siku ya tatu mama mmoja alirudi kituoni na mwanawe hali yake ikiwa mbaya zaidi. Sista alipomuuliza alivyochanganya dawa, mama alionyesha kikombe alichokuja nacho, tumpeco, kile cha nusu lita kijulikanacho katika kila nyumba ya Uganda. Paketi nzima aliimimina katika kikombe kimoja. "Nilifanya kama ilivyo kwenye picha," alisema. Jagi la kwenye bango yeye aliliona kuwa kikombe.

Mtoto yule alipona, kwa kuwa sista aliwahi. Lakini mpwa wangu aliposikia habari hiyo hakula chakula cha usiku. Asubuhi alikwenda kituoni kabla ya milango kufunguliwa, akalibandua bango lake kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yaliyonifunza mimi maana ya usanifu. Hakuanza kuchora. Alikaa na daftari chini ya mwembe, mahali akina mama wanapongojea zamu yao, akawauliza mmoja mmoja: mama, hapa unaona nini? Bibi mmoja alimwambia kwamba bango la kwanza linawaamuru watu wakateke maji mtoni. Mwingine alisema ni tangazo la gomesi. Hakuna aliyekuwa mjinga miongoni mwao. Kila mmoja alisoma kilichochorwa, wala si kile ambacho mchoraji alikuwa nacho kichwani.

Akachora upya. Mto akautoa, na miti akaitoa. Jagi likatoka, vikaingia vikombe viwili vya tumpeco vilivyojaa hadi ukingoni, sawasawa na vile walivyonavyo nyumbani, na kati yake paketi moja. Kabla ya hapo aliweka sufuria juu ya jiko lenye moto, maji yakitokota. Kueleza saa 24 kulimpa taabu, kwa maana saa ya ukutani haimo katika kila nyumba. Alijaribu jua na mwezi, wakadhani dawa ni ya kunywa usiku. Mwisho aliweka jua, mwezi, kisha jua tena, na chini ya jua la pili mkono ukimwaga maji. Kila alipomaliza alirudi chini ya mwembe. Bango la tano ndilo alilolipeleka kwa sista, baada ya akina mama kumi na wawili kulieleza mmoja mmoja, na wote kulieleza sawa.

FUNDI SEREMALA ABADILI NENO

Shemeji aliombwa atengeneze fremu ya bango hilo. Alikwenda kuipigilia mwenyewe. Akiwa bado juu ya ngazi, bibi mmoja mzee, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakukanyaga darasa hata siku moja, alisimama chini na kumweleza mkwewe aliyebeba mtoto: chemsha, vikombe viwili, paketi moja, kesho jua likirudi mwaga. Alipitisha kidole toka picha hadi picha bila kukosea.

Shemeji alishuka, akakusanya misumari yake, akarudi nyumbani kimya. Jioni alinijia. "Mwalimu," aliniuliza, "huo usomi anaoutaka mtoto una jina?"

Nikamwambia, "Unaitwa usanifu wa michoro."

"Na vyuoni upo?"

"Upo." Kisha nikamwambia na lile lililokuwa zito zaidi, kwamba ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Hakunicheka. Juma lililofuata alimtengenezea binti yake meza ya kuchorea yenye ubao unaoinuka na kushuka, kingo zake zimenyooka hivi kwamba rula hupita bila kutikisika.

Shemeji si baba wa kwanza kuwa na hofu hiyo. Nchini Uswisi alizaliwa mwaka 1928 mtoto aitwaye Adrian Frutiger, mwana wa mfumaji nguo. Alitaka kuwa mchongaji wa sanamu, lakini baba yake hakukubali. Ikaamuliwa ajifunze kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Kutoka hapo aliingia chuo cha sanaa mjini Zürich, na mwaka 1957 ikatolewa aina yake ya herufi iitwayo Univers, iliyotumika duniani kote. Baadaye alichora herufi za vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle karibu na Paris, ili msafiri asome haraka akiwa anatembea. Hata mlango aliosukumwa ndani yake ulimfikisha kwenye kazi yake, kwa sababu hakuacha kutazama na kujaribu.

YANAYOTAKIWA CHUONI

Mzazi atauliza: je, mtoto wangu atahitaji nini? Kwanza, masomo. Chuo humtaka mwanafunzi aliyefaulu mitihani yake, na sanaa ikiwa miongoni mwa masomo ya kidato cha sita itamfaa sana. Hapa Uganda, Makerere na Kyambogo hufundisha sanaa na usanifu hadi shahada. Masharti hubadilika, basi mzazi na aulize chuoni kabla ya kujaza fomu.

Pili, mkusanyiko wa kazi. Mwalimu wa sanaa anayejua kazi yake hatatazama picha safi za mwisho tu. Atapenda kuona jinsi mwanafunzi anavyofikiri: michoro ya mwanzo, makosa, na sababu ya kuyarekebisha. Mpwa wangu alitaka kulichoma bango lake la kwanza. Mama yake alimkataza, akalificha chini ya godoro. Leo limo ndani ya jalada lake pamoja na mengine manne, kila moja na tarehe yake na maneno ya akina mama wa chini ya mwembe. Naamini kurasa hizo tano zinamweleza kuliko picha yoyote nzuri aliyopata kuchora.

Tatu, kompyuta. Wengi hudhani kwamba bila kompyuta mtoto hawezi kuanza. Kompyuta ni chombo cha lazima katika kazi hii siku hizi, lakini haimfundishi mtu kutazama. Mpwa wangu aliijua baadaye, sista alipotaka nakala za bango kwa ajili ya vituo vingine. Walikwenda Kampala, kwenye Barabara ya Nasser, mtaa uliojaa wachapaji. Buluu iliyong'aa kwenye kioo cha kompyuta ilitoka karatasini imefifia. Kijana wa mtambo akamweleza: kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, bali mtambo hutumia wino wa samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Rangi za mwanga si zote zinazopatikana kwa wino. Siku hizi huomba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa nyingi.

NENO KWA WAZAZI

Ndugu wazazi, si kila mtoto achoraye atakuwa msanifu, kama ambavyo si kila mtoto aimbaye atakuwa mwimbaji. Sikuandika haya ili tuwaache watoto wapuuze hesabu na sayansi. Ninachoomba ni mambo machache yasiyo na gharama. Mpe mtoto mahali pake pa kuchora. Hifadhi kazi zake na uziandikie tarehe. Mtafutie fundi mwaminifu wa kumtazama wakati wa likizo. Na akuonyeshapo mchoro, usiishie kusema ni mzuri. Muulize, "Mwanangu, huu ni kwa ajili ya nani, naye ataelewa nini?"

Swali hilo latufaa hata sisi tulio maofisini. Baada ya mambo ya bango lile nilirudi kazini nikayasoma matangazo tuliyoyabandika ukutani, mengine kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi ndogo, mistari imebanana, jambo lenyewe limefichwa mwishoni. Tulikuwa tukiwalaumu wananchi kwamba hawasomi.

Mwaka huu mpwa wangu ana miaka 19, na fomu zake za chuo amekwisha kuzipeleka. Majibu hayajaja. Ada tumekwisha kuigawana, shemeji na mimi, na fungu langu ni kubwa kidogo kuliko lake. Sikubisha, maana najua ni deni la nini.